Jinsi Italia Ilivyovutwa Vitani, 1914–1915

Tarehe 29 Juni, 1925, mji wa Kismayu na nchi yote ya Jubaland, iliyokuwa jimbo la Kenya, ilitoka mikononi mwa Waingereza ikatiwa mikononi mwa Wataliani. Nchi hiyo ilikuwa na maili za mraba zaidi ya 30,000. Haikutekwa kwa vita, wala haikununuliwa kwa fedha. Ilitolewa kulipa deni. Na deni lenyewe liliandikwa miaka kumi nyuma mjini London, mbali sana na mto Juba.

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza deni lile lilivyopatikana. Ni habari ya dola moja kubwa ya Ulaya iliyokaa kando ya Vita Kuu kwa muda wa miezi kumi kasoro kidogo, huku wapiganaji wa pande zote mbili wakibisha hodi mlangoni pake, kila mmoja na zawadi mkononi. Wazee wa pwani husema, penye udhia penyeza rupia. Lakini katika shauri hili rupia zenyewe zilikuwa ni nchi za watu, na wasomaji wetu wataona zilitoka mfukoni mwa nani.

Tangu mwaka 1882 Italia ilikuwa imefungamana na Ujerumani na Austria-Hungaria kwa mkataba wa dola tatu. Mtu asiyejua mambo ya ndani angalidhani kwamba vita vitakapozuka Italia itaingia mara moja upande wa wenziwe. Haikuwa hivyo. Mrithi wa enzi ya Austria, Franz Ferdinand, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni, 1914. Tarehe 28 Julai Austria ikatangaza vita juu ya Serbia. Kabla wiki haijaisha, Urusi, Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kuingia, na tarehe 4 Agosti ikaingia Uingereza. Katika siku zile zile za mwanzo wa Agosti serikali ya Roma ikatangaza ya kuwa Italia haitapigana upande wo wote.

Sababu iliyotajwa mbele ya watu ilikuwa ya sheria, nayo ilikuwa na haki ndani yake. Mkataba ule ulikuwa wa kulindana. Ulimtaka Mtaliani amsaidie mwenziwe akishambuliwa, wala haukumtaka amfuate akienda kushambulia watu. Tena Austria ilikata shauri la vita pasipo kufanya mashauri na Italia, na hali mapatano yao yalisema ya kuwa, Austria ikijiongezea nchi katika Balkani, Italia nayo sharti ipate kitu cha kulinganisha.

Sababu nyingine hazikusemwa kwa sauti kubwa. Italia ni kama mguu uliotumbukizwa baharini. Pwani yake ni ndefu mno, na manowari za Waingereza na Wafaransa zingeweza kuipiga miji yake mahali po pote. Haina makaa ya mawe ya kutosha, na sehemu kubwa ya makaa yaliyoendesha viwanda vyake na magari yake ya moshi yalitoka Uingereza. Jeshi lake nalo lilikuwa limechoka, na ghala zake zimepungua, kwa sababu ya vita vya Libya juu ya Waturuki vya mwaka 1911 na 1912. Juu ya hayo yote, adui wa zamani wa Wataliani alikuwa ni huyo huyo Austria, rafiki yao wa karatasini. Katika miji ya Trento na Trieste walikaa maelfu ya watu wenye kusema Kitaliani, nao walitawaliwa na Kaizari wa Vienna.

Basi Italia ikakaa. Lakini kukaa kando vitani si sawa na kukaa barazani. Kadiri majeshi yalivyozama katika mahandaki, kadiri ile ile mtu wa tatu, mwenye askari laki nyingi ambao bado hawajajeruhiwa, alivyozidi kupanda bei. Waziri mkuu, Antonio Salandra, alilijua hilo vizuri. Mwezi Oktoba 1914 alisema ya kwamba yampasa kuongozwa na ubinafsi mtakatifu kwa ajili ya Italia. Wapo waliomsifu kwa kusema kweli, na wapo waliochukizwa. Sisi twaona ya kuwa angalau hakumdanganya mtu: alikuwa akitangaza kwamba mlango uko wazi, na mwenye kutaka aje na bei yake.

Wa kwanza kuja kwa nguvu walikuwa Wajerumani. Mwezi Desemba 1914 walimtuma Roma Bernhard von Bülow, aliyekuwa zamani waziri mkuu wa Ujerumani. Mjumbe aliyefaa zaidi asingaliweza kupatikana. Mkewe alikuwa mwanamke wa Kitaliani wa nyumba kubwa, naye Bülow alikuwa na jumba lake mwenyewe mjini Roma, akijuana na wakubwa wote. Kazi yake haikuwa kuwashawishi Wataliani wapigane upande wa Ujerumani, maana tumaini hilo lilikuwa limekwisha. Alitaka wasipigane kabisa. Naye alijua dawa yake: Austria iwape Trento, wapate kutulia.

Hapo ndipo palipokuwa na kizuizi. Bülow alikuwa akitoa ng'ombe wa zizi la jirani, na jirani hakutaka. Kaizari Franz Joseph alikuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, aliyekwisha kupoteza majimbo ya Kitaliani katika ujana wake, na moyo wake ulikataa kupoteza jingine pasipo kushindwa vita. Tena dola yake ilikuwa ya kabila nyingi. Wakipewa Wataliani kwa sababu ya lugha yao, je, Waromania watasemaje? Wacheki na Waserbia watasemaje? Ukitoa tofali moja katika ukuta wa namna ile, hujui ni mangapi yatakayofuata.

Walakini njaa ya vita ililegeza. Mwezi Machi 1915 waziri wa mambo ya nje wa Austria, István Burián, alikubali kuzungumza habari ya kutoa sehemu ya nchi ya Trento. Lakini aliweka sharti: itatolewa vita vitakapokwisha. Mwenziwe wa Italia, Sidney Sonnino, alitaka itolewe sasa. Jambo hili laonekana dogo, nalo ndilo lililovunja mazungumzo. Maana kama Austria ikishinda vita, ni nani atakayeilazimisha itimize ahadi? Na ikishindwa, itakuwa na nini cha kutoa?

Sasa na tutazame upande wa pili. Uingereza, Ufaransa na Urusi zilikuwa na nafasi ambayo Austria haikuwa nayo. Austria ilitakiwa ikate nyama ya mwili wake. Wao waliahidi nyama ya adui. Trento, Trieste, pwani ya Adria, visiwa vya Uturuki: hakuna hata pishi moja ya udongo huo iliyokuwa yao, na kwa hiyo mkono wao ulikuwa mwepesi. Twadhani hii ndiyo siri ya mashauri yote ya mwaka ule.

Sonnino alikuwa mtu mkimya, wala hakuwa na haraka. Tarehe 4 Machi 1915 balozi wake mjini London, Guglielmo Imperiali, alipeleka orodha ya matakwa ya Italia kwa Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Tarehe 8 Aprili, mazungumzo ya London yakiendelea bado, Sonnino akapeleka orodha nyingine Vienna. Yaani alikuwa sokoni penye wauzaji wawili, akiuliza bei hapa na pale, na kila mmoja akimshuku ya kuwa anazungumza na mwenziwe.

Shida kubwa mjini London haikutoka kwa Waingereza wala kwa Wafaransa, bali kwa Warusi. Italia ilitaka Dalmatia, nchi ya pwani ya mashariki ya Adria, ambako wenyeji wengi walikuwa Waslavi. Serbia ilikuwa ikitumaini kupata bahari huko huko, na Serbia ilikuwa mwenzi wao wa vita, ikimwaga damu tangu siku ya kwanza. Sazonov, waziri wa Urusi, alikataa kuwauza ndugu zake Waslavi, kisha akakubali kidogo, kisha akakubali zaidi. Serbia yenyewe haikuitwa mezani. Grey naye alikuwa na wasiwasi mwingine: manowari za Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeshindwa kupenya mlango wa Dardanelles tarehe 18 Machi, na pande zote ilionekana ya kuwa vita vitakuwa virefu. Italia ikiingia, iliaminiwa kwamba Romania na nyinginezo zitafuata, na Austria itavunjika. Kwa tumaini hilo mengi yalifumbiwa macho.

Mkataba ulitiwa sahihi London tarehe 26 Aprili 1915, siku ya pili baada ya askari kushuka pwani ya Gallipoli. Italia iliahidiwa Trento pamoja na Tyrol ya kusini hata mlima Brenner, mahali ambapo wenyeji laki nyingi walisema Kijerumani wala si Kitaliani. Iliahidiwa Trieste, Gorizia, Istria, kipande cha Dalmatia na visiwa vyake, bandari ya Valona katika Albania, visiwa kumi na viwili vya bahari ya Uturuki ambavyo ilikuwa imevishika tangu vita vya Libya, na fungu katika Uturuki wenyewe kama ukigawanywa. Uingereza iliahidi kurahisisha mkopo wa pauni zisizopungua 50,000,000 katika soko la London. Kifungu kimoja kilisema ya kuwa Papa asiachwe kutia mkono katika mapatano ya amani. Kingine kilisema mambo yote yafichwe. Na Italia, kwa upande wake, iliahidi kuingia vitani kabla ya mwezi mmoja kupita.

Kulikuwa na kifungu kingine tena, cha 13, ambacho hakikupewa maneno mengi. Kilisema kwamba, Ufaransa na Uingereza zikijiongezea nchi katika Afrika kwa kuchukua makoloni ya Wajerumani, Italia itaweza kudai fidia ya haki, hasa katika kutengeneza mipaka ya makoloni yake ya Eritrea, Somalia na Libya. Mistari michache tu, iliyoandikwa kwa maneno ya jumla. Tunaomba msomaji akiweke kifungu hicho akilini.

Sasa likatokea jambo la ajabu. Italia haikuwa imevunja bado ule mkataba wake wa zamani. Iliuvunja mwanzo wa Mei. Kwa muda wa wiki moja hivi, basi, dola ile ilikuwa imefungamana na pande zote mbili za vita kwa wakati mmoja. Tena waliojua walikuwa wachache sana: mfalme Victor Emmanuel III, Salandra, Sonnino, na watumishi wachache. Wajumbe wa Bunge hawakuambiwa. Wengi wao walimfuata Giovanni Giolitti, mzee aliyekuwa waziri mkuu mara nyingi, aliyeona ya kuwa mengi yaweza kupatikana kwa Austria pasipo vita. Alipofika Roma tarehe 9 Mei, wajumbe wapata 300 walipeleka kadi zao nyumbani kwake, kuonyesha ya kuwa wako pamoja naye. Bülow na balozi wa Austria wakaharakisha kutoa orodha mpya ya zawadi, kubwa kuliko zote za nyuma: nchi za wasemao Kitaliani katika Tyrol, ukingo wa magharibi wa mto Isonzo, na Trieste uwe mji huru wenye madaraka yake. Ilikuwa kuchelewa. Sahihi ilikuwa imekwisha kukauka.

Mjini, makundi ya vijana yalijaza njia yakipigia kelele vita. Mshairi Gabriele D'Annunzio aliwahutubia kwa maneno ya moto. Benito Mussolini, aliyekuwa mhariri wa gazeti la wajamaa lililopinga vita, alikuwa ameanzisha gazeti lake mwenyewe mwezi Novemba 1914 kuvitaka vita, na fedha za kutoka Ufaransa zilimsaidia. Lakini mashambani hapakuwa na kelele. Mwezi Aprili Salandra alikuwa amewauliza watawala wa majimbo kwa siri watu wanaonaje. Na majibu mengi yalisema ya kuwa wakulima hawavitaki vita, ila wakiitwa watakwenda. Twafikiri hakuna maneno ya kweli zaidi katika habari hii yote. Wale waliopiga kelele walikuwa wachache, na wale watakaokufa walikuwa wakipanda na kupalilia.

Tarehe 13 Mei Salandra alijiuzulu. Tarehe 16 Mei mfalme akakataa kumwachilia. Giolitti aliona ya kuwa kumpinga sasa ni kuvunja neno la mfalme mwenyewe, akaondoka Roma. Tarehe 20 Mei Bunge lile lile lililokuwa limepeleka kadi likaipa serikali nguvu zote za vita, kura 407 kwa 74. Tarehe 23 Mei Italia ikatangaza vita juu ya Austria-Hungaria. Vita juu ya Ujerumani ilingoja hata Agosti 1916.

Hatutakaa sana katika vita vyenyewe. Wale waliodhani kwamba Austria itavunjika upesi walikosea kabla hawajaanza, maana mwanzo wa Mei Wajerumani na Waaustria walikuwa wamewavunja Warusi huko Galicia, na Austria ikapata nafasi ya kupumua. Wataliani walishambulia mto Isonzo mara kumi na moja, mlima kwa mlima, wakapata maili chache. Mwaka 1917, huko Caporetto, jeshi lao lilivunjika na karibu watu 300,000 wakatekwa. Walijikusanya tena, na vita vikaisha upande wao tarehe 4 Novemba 1918. Waliokufa katika askari wao walikuwa zaidi ya nusu milioni.

Siri nayo haikudumu. Wabolsheviki walipoishika Urusi mwezi Novemba 1917, walifungua makabati ya wizara ya mambo ya nje wakachapa mikataba yote kwenye magazeti, na mkataba wa London ukiwa mmoja wao. Hapo Waslavi wa kusini wakajua pwani yao ilivyogawanywa. Rais Wilson wa Marekani, ambaye nchi yake haikutia sahihi, alisema ya kuwa hafungwi na ahadi za watu wengine, na ya kuwa mipaka ya Italia ifuate makabila. Katika mkutano wa Paris wa mwaka 1919 ugomvi ulikuwa mkali, hata waziri mkuu wa Italia, Orlando, akaondoka mkutanoni mwisho wa Aprili. Alirudi mwanzo wa Mei. Katika siku zile zile, makoloni ya Wajerumani yalikuwa yakigawanywa, na Italia haikupata hata moja. Tarehe 7 Mei 1919 Uingereza ilipewa dhamana ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo baadaye iliitwa Tanganyika.

Basi lile sharti la kifungu cha 13 likawa limetimia. Uingereza ilikuwa imejiongezea nchi katika Afrika kwa kuchukua koloni la Mjerumani, na Mtaliani akanyosha karatasi yake. Ahadi ni deni. Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, akakubali kutoa Jubaland. Mashauri yakachelewa miaka minne, kwa kuwa Waingereza walitaka kuyafunga pamoja na habari ya visiwa vya Uturuki. Kisha mkataba ukatiwa sahihi London tarehe 15 Julai 1924. Wakati huo mtawala wa Italia alikuwa Mussolini, yule mhariri wa mwaka 1914. Wataliani wengi walikuwa wamesadiki ya kuwa walidhulumiwa Paris, na ushindi wao ulikatwa viungo. Naye alipanda juu ya uchungu huo. Jubaland haikumshibisha.

Nani aliyekaa katika nchi ile? Wasomali wafugaji, waliokuwa wakiswaga ngamia na ng'ombe wao bila kujali mpaka. Wabajuni wavuvi wa Kismayu na visiwa vyake. Na katika bonde la Juba wakulima, ambao baadhi yao walisema Kizigula, kwa sababu wazee wao walichukuliwa watumwa kutoka Uzigua, nyuma ya pwani ya Tanga, katika karne ya 19. Kismayu ilikuwa imepata kuwa chini ya Sultani wa Unguja, kisha chini ya Waingereza. Sasa ikawa ya Roma. Hakuna kabila hata moja katika hizo lililoulizwa. Kwa hiyo watoto wa Wazigula wa Juba walibadilishiwa mtawala kwa sababu nchi ya babu zao wa Tanga ilikuwa imebadilishiwa wa kwake. Tumelifikiri jambo hili mara nyingi, wala hatujaona mfano mwingine ulio wazi kuliko huu wa jinsi kalamu ya Ulaya ilivyovuta kamba ya Afrika kwa ncha zote mbili.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia Vita Kuu ya Pili, mara hii upande wa Ujerumani. Tarehe 14 Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Kismayu, nao wengi wao walikuwa askari Waafrika. Mji uliotolewa kwa wino ulirudishwa kwa bunduki, lakini haukurudishwa Kenya. Ulibaki sehemu ya Somalia, na Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960 Kismayu ilikuwa ndani yake.

Mpaka uliokubaliwa mwaka 1924 ulipimwa na tume ya pande mbili kati ya mwaka 1925 na 1927, na ndio mpaka wa Kenya na Somalia hata leo. Wafika baharini kaskazini ya Kiunga. Wabajuni wako upande huu, na Wabajuni wako upande ule.